Majani Tuliyokuwa Tukiyachoma

Mwisho wa mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na jua la mchana likichoma nyayo, tuliondoka Mji wa Kale, Mombasa, mara baada ya sala ya alfajiri. Tulikuwa dada watatu na watoto sita, tumebanana katika gari tulilolikodi, kikapu cha mahamri na mbaazi kikiwa miguuni petu. Safari za shamba kwa kawaida huwa za furaha kwetu, lakini hii haikuwa hivyo. Tulikuwa tunakwenda kuliona shamba la marehemu mama yetu, lililo kijijini karibu na Gede, kabla ya kumpa dalali jibu lake.

Mama alilianza shamba hilo kabla ya wawili wetu kuzaliwa. Alipanda minazi kwa mistari, miembe mipakani na mikorosho upande wa magharibi, na katikati akalima mahindi, kunde na mbaazi. Aliporejea kwa Mola wake, mirathi iligawanywa kwa mujibu wa sheria. Ndugu yetu wa kiume akaliuza fungu lake. Fungu letu sisi wanawake, ekari tatu, likabaki mikononi mwetu. Miaka ya mwanzo tulipata nazi za kutosha nyumba zote tatu, na za kuuza zikabaki. Kisha mambo yakaanza kubadilika. Minazi ikawa inapukutisha vidaka kabla havijakomaa. Mahindi yakaota ya manjano, kimo cha goti. Mara mbili tulinunua mbolea ya dukani, na mara zote mbili mvua ya masika ilinyesha ikashuka nayo mchangani, tusione kitu.

Dalali alipotujia alikuwa na maneno matamu na bei nzuri. "Mchanga ule umekufa, mama zangu," alituambia. "Haufai tena ila kujengwa." Hatukuwa na hoja ya kumjibu. Tulichomwomba ni muda tu, tukauangalie mchanga huo kwa macho yetu kabla ya masika.

Watoto nao walikuwa na sharti lao. Walikubali kuamka alfajiri iwapo tu tungesimama Bamburi wakawaone twiga na makobe. Tuliwakubalia ili tupate amani ndani ya gari. Hatukujua kwamba kituo hicho cha watoto ndicho kitakachotufungua macho sisi wazazi.

Bamburi: palipokuwa hapana udongo

Kila mkaazi wa Mombasa anaijua bustani ya Haller, na wengi wetu tumewahi kupeleka wageni kule. Wako wanaoikumbuka kwa ajili ya Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Lakini mara ngapi tumeitembelea tukitazama wanyama bila kutazama tunachokikanyaga?

Kijana aliyetutembeza alianza kwa kutuonyesha chini. Pale tuliposimama, alisema, palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi Bamburi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yalichimbwa hapo mwaka baada ya mwaka hadi likabaki bonde jeupe lisilo na mti wala mdudu. Chini ya sakafu hiyo ya mawe, kwa kina kidogo tu, kulikuwa na maji yenye chumvi. Juu yake jua lilipiga kama juu ya kikaango. Udongo hapakuwa nao hata wa kujaza kikombe.

Mwaka 1971 Mswisi mmoja mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kulijaribu shimo hilo. Alipanda aina 26 za miti. Zilizonusurika ni tatu tu: mnazi wetu huu tunaoujua, mti mmoja wenye asili ya pande za Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mti huu una vinundu mizizini, na ndani ya vinundu hivyo wamo viumbe wadogo mno, aina ya bakteria, wanaoichukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza iwe chakula cha mti. Mti nao huwalipa kwa sukari unayoitengeneza kwa jua. Ndiyo maana mvinje unaweza kusimama mahali ambapo miti mingine hufa kwa njaa.

Lakini baadaye, kijana alisema, likatokea tatizo jipya. Mivinje ilikua, ikaangusha majani yake membamba kama sindano, na majani hayo yakalala chini bila kuoza. Yamejaa ule ukali unaokausha ulimi katika chai iliyokolea, na bakteria waozeshao majani hawaupendi. Zulia la majani likawa linanenepa juu ya jiwe lilelile tupu. Chakula kilikuwapo, lakini kimefungiwa.

Aliyekifungua ni jongoo. Ilionekana kwamba yule jongoo mkubwa wa pwani, mweusi mwenye miguu myekundu, huyala majani makavu ya mvinje bila kinyaa. Wakakusanywa majongoo, wakaletwa shimoni, wakaachwa wafanye kazi yao. Jongoo hula jani, hulisaga, na kinyesi chake huwa chembe laini ambazo sasa bakteria wanaweza kuzimaliza. Kidogo kidogo ukapatikana udongo mweusi juu ya jiwe jeupe. Katika udongo huo zikaota mbegu za miti mingine zilizoletwa na ndege na upepo, na baada ya mimea wakaja wanyama. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni.

Kijana aliinama, akafukua majani kwa kijiti chini ya mvinje mmoja mnene. Wakati wa kiangazi majongoo hujificha, kwa hiyo ilimbidi achimbe kidogo. Akampata mmoja amejikunja kama bangili. Watoto wakapiga kelele. Mmoja wa binti zetu akasema kwa mshangao, "Lakini sisi nyumbani tunawafagia!" Kijana akacheka. "Mnawafagia nao ndio wafagiaji," akamjibu.

Tulicheka pia. Hatukujua bado kwamba maneno hayo yangetufuata mpaka jioni.

Sokoke: msitu juu ya mchanga mweupe

Tulipita Mtwapa, tukavuka daraja la Kilifi maji yakiwa yamejaa, na baada ya mwendo mfupi msitu ukaanza kuonekana upande wetu wa kushoto. Huu ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 400, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Tumeupita mara nyingi njiani kwenda Malindi kama watu wapitao ukuta. Safari hii, kwa kuwa jongoo wa Bamburi alikuwa ametuacha na maswali, tuliingia lango lililo karibu na Gede, tukamwomba mwongoza wageni mmoja atutembeze.

Alitueleza kwamba msitu huu ni kama misitu mitatu iliyokaa bega kwa bega, kila mmoja na udongo wake. Upande wa baharini ni msitu mchanganyiko. Upande wa bara ni mchanga mwekundu wenye miti iliyosongamana na kusokotana. Na katikati umepita mkanda wa mchanga mweupe wenye miti mirefu iitwayo mirihi. Tuliomba kuona huo mkanda wa katikati, kwa sababu mchanga mweupe ndio uliokuwa ukitusumbua sisi.

Chini ya mirihi pana nafasi na mwanga, na upepo hupita kwa sauti kama ya bahari iliyo mbali. Dada yetu mkubwa aliuchota mchanga wa njiani, akauacha umwagike kati ya vidole. Ulikuwa mchanga wa shambani kwetu hasa: mwepesi, mweupe, usioshikana. Akauliza, "Mchanga huu hauna kitu. Sasa miti hii inakula nini?"

Mwongoza wageni hakumjibu kwa maneno. Alitoka njiani hatua chache, akapiga magoti, akaanza kuyaondoa majani taratibu, tabaka kwa tabaka, kama mtu afunuaye kurasa. Juu kabisa palikuwa na majani mazima, makavu. Chini yake majani yaliyovunjika, yenye unyevu hata katika kiangazi kile, yamefungamanishwa na nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nyuzi za kushonea. Chini ya hayo, unene wa kidole tu, palikuwa na kitu cheusi chenye harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Na chini ya hicho, mchanga mweupe uleule.

"Mnaiona nyeusi hii?" alituuliza. "Msitu wote unaishi hapa."

Akatufafanulia. Mchanga hauwezi kushika chakula cha mimea. Mvua ikinyesha, chakula chote hushuka chini mahali ambapo mizizi haifiki. Kwa hiyo msitu hauweki akiba yake mchangani. Huiweka katika miti yenyewe, na katika majani yanayoanguka. Jani likianguka, mchwa, jongoo na wadudu wengine hulivunja, bakteria na uyoga hulimalizia, na kabla chakula hicho hakijazama, mizizi iliyotandaa karibu na uso wa ardhi hukipokea na kukirudisha juu. Zile nyuzi nyeupe ni za uyoga. Zimeshikamana na mizizi ya mrihi, nazo hufika mahali ambapo mizizi yenyewe haiwezi kupenya, zikaleta maji na chakula, na mti ukazilipa sukari. Hivyo chakula kilekile huzunguka, kutoka jani hadi udongo, kutoka udongo hadi mzizi, kutoka mzizi hadi jani.

Tukiwa bado tumechutama, kitu kidogo kilipita kwa kasi kichakani, nyuma yake ikimeta rangi ya dhahabu. Alikuwa sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huu. Sengi hupindua majani kwa pua yake akitafuta wadudu, na kiota chake pia hukitengeneza kwa majani chini. Yakiondolewa majani, mwongoza wageni alisema, sengi hana chakula wala nyumba.

"Na msitu ukikatwa?" aliuliza mmoja wa watoto.

"Mkulima hupata misimu michache mizuri," alijibu, "kwa sababu akiba ya zamani bado ipo. Ikishaliwa, hubaki mchanga."

Sisi watu wazima tulitazamana. Mashamba ya vijiji vile, na la mama likiwamo, yalikuwa msitu zamani.

Kabla ya adhuhuri tulipita Gede, umbali mfupi kutoka hapo. Mji huo wa wahenga wetu Waislamu ulikuwa umehamwa kufikia karne ya 17, na miti ikauchukua. Majani yalianguka juu ya nyumba, juu ya kasri na juu ya msikiti mkuu, mwaka baada ya mwaka. Wachimbuzi waliokuja chini ya James Kirkman kuanzia mwaka 1948 ilibidi waondoe miti na udongo ndipo kuta zionekane. Tuliwaonyesha watoto mihirabu na visima, kisha tukaswali, tukala mahamri yetu kivulini. Hatukusema mengi. Kila mmoja wetu alikuwa akilifikiria lile tabaka jeusi, unene wa kidole.

Shamba la mama

Tulifika shambani alasiri. Mzee anayetutunzia alitupokea kwa bashasha, na kama kawaida yake alitutembeza atuonyeshe alivyolisafisha. Na kweli shamba lilikuwa safi. Chini ya mikorosho palikuwa pamefagiliwa hadi mistari ya fagio inaonekana. Chini ya miembe hapakuwa na jani hata moja. Kati ya minazi makuti yalikuwa yameondolewa na makumbi yameuzwa. Pembeni, karibu na kisima, lundo la majani lilikuwa likiungua polepole, moshi wake ukienda na kaskazi.

Siku nyingine tungemsifu. Siku ile tulisimama mbele ya lundo lile bila kusema neno.

Dada yetu mkubwa aliomba jembe. Akachimba katikati ya mistari ya minazi. Mchanga ulikuwa mweupe, mkavu, wa moto, tangu juu hadi kina cha mkono. Akamwaga kopo la maji: yalitawanyika juu kidogo kama juu ya kitambaa chenye mafuta, kisha yakazama yote mara moja, na baada ya dakika chache pakawa pakavu kama awali.

Upande wa pili wa ua wa miti yupo jirani yetu, mama wa makamo aliyekuwa mwandani wa marehemu mama. Alitusikia, akaja kutuamkia, na watoto wakamwamkia shikamoo nyanya. Tulipomweleza tunachokifanya, alitushika mkono akatupeleka kwake. Shamba lake, kwa macho yetu ya mjini, lilikuwa shaghalabaghala. Majani yamelala kila mahali. Makumbi yamepangwa na kufukiwa kuzunguka minazi. Mabua ya mahindi ya mwaka uliopita yamelazwa juu ya ardhi, na katikati yake mbaazi zimesimama kijani katika kiangazi kile. Alichukua jembe letu akachimba. Udongo uliotoka ulikuwa wa rangi ya kahawa, baridi, unaoshikana ukifinywa. Nyungunyungu wawili walijikunja katika mwanga.

Mchanga ni ule ule. Mvua ni ile ile. Kati ya mashimo mawili hapakuwa na hatua 50.

Tulimuuliza ni nani aliyemfundisha. Alitutazama kwa mshangao kidogo. "Mama yenu," alisema. "Wakati nilipoolewa hapa nilikuwa nikichoma kila kitu. Yeye ndiye aliyenikataza. Nilidhani na nyinyi wanangu aliwafundisha."

Ni aibu kuyaandika haya, lakini tumeona afadhali tuyaseme, kwa kuwa huenda wako wenzetu walio katika kosa kama letu. Mama hakuwa akichoma majani. Tunakumbuka vizuri malundo yake chini ya miembe, na tunakumbuka tulivyokuwa tukimtania kwamba shamba lake ni chafu. Alipofariki, jambo la kwanza tulilomwagiza mzee wetu ni kulisafisha, wageni wa matanga wasione pori. Tangu hapo, kila mwezi tulimpigia simu kutoka Mombasa tukauliza: mmefagia? mmechoma? Na tukatuma pesa za kazi hiyo. Mchanga ule haukujifia wenyewe. Tuliulipia ufe.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nilifanya mlivyoniagiza, mama," alisema kwa upole. Alikuwa na haki.

Moto huchukua nini

Usiku ule, baada ya isha, tulikaa barazani na jirani yetu, akatupigia hesabu kama mama alivyokuwa akimpigia.

Jani linapochomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hupaa na moshi. Kinachobaki ni jivu. Jivu lina manufaa yake, kwani potasiamu na chokaa hubaki humo, lakini juu ya mchanga wetu upepo hulipeperusha na mvua ya kwanza huliyeyusha na kulishusha chini. Kinachopotea kabisa ni ile nyeusi ishikayo maji na chakula. Hapo tukaelewa kwa nini mbolea ya dukani haikutufaa. Mbolea haikuwa mbovu. Tuliimwaga katika chombo kilichotoboka.

Kisha ni nazi zenyewe. Mnazi hupenda sana potasiamu, na sehemu kubwa yake huwekwa katika kumbi. Kila tulipouza nazi tuliuza chakula cha shamba, na kila tulipouza makumbi tuliuza kingi zaidi. Tulichukua miaka yote hiyo bila kurudisha hata ukuti. Wazee walisema kuchovya chovya humaliza buyu la asali, na sisi tulichovya bila kuchungulia buyuni.

Jirani yetu pia alitukumbusha jambo ambalo tungeweza kulifanya kwa pupa na kujidhuru. Makumbi, magogo ya minazi na samadi vikiachwa vikioza ovyo karibu na minazi, huwa mazalio ya mbawakawa wanaotoboa vilele vya minazi na kuiua. Kwa hiyo makumbi hufukiwa, magogo huondolewa, na lundo la mbolea huwekwa mbali na minazi na kugeuzwa mara kwa mara.

Hatukulala mapema. Mmoja wetu, ambaye ana deni la karo, alisema wazi kwamba pesa za dalali zingemwondolea usiku mwingi wa wasiwasi. Hakuwa akikosea. Tulikubaliana kwamba sisi wengine wawili tutamsaidia karo ya mwaka huu, na shamba tulipe misimu miwili ya masika. Likikataa, tutauza bila kulaumiana. Asubuhi dada yetu mkubwa alimpigia dalali, akamshukuru, akamwambia hatuuzi.

Tunalojaribu sasa

Hatukufanya jambo kubwa. Kwanza, moto ulizimwa siku ileile. Mzee wetu hufagia tu mahali pa kuokotea korosho wakati wa msimu, na anachokifagia hukirudisha chini ya mti mvuno ukiisha.

Pili, makumbi hayauzwi. Huchimbwa mtaro hatua mbili hivi kutoka shina la mnazi, yakapangwa yakielekea juu kama bakuli ili yahifadhi maji, kisha yakafunikwa.

Tatu, tumepanda kunde na mbaazi kati ya mistari. Mbaazi hizi tunazozila na mahamri zina vinundu mizizini kama vya mvinje, navyo huvuta naitrojeni hewani. Watoto waling'oa mche mmoja wakapasua kinundu kwa kucha; ndani kilikuwa cha waridi, na hiyo ndiyo dalili kwamba kinafanya kazi. Baada ya kuvuna, mizizi huachwa ardhini na mabua hulazwa juu yake yawe matandazo.

Nne, tuna lundo la mboji. Kipimo chake ni mita moja kwenda juu na upana kama huo. Huwekwa tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi na magugu yasiyo na mbegu, kisha samadi ya mbuzi na udongo kidogo, na kurudiwa tena. Hunyunyiziwa maji mpaka ukilifinya konzi moja litoe tone moja au mawili. Ndani yake hupata joto la kuchoma mkono. Hugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa miezi mitatu hivi huwa tayari. Utaijua kwa harufu: ile ile tuliyoinusa chini ya mirihi.

Na wasomaji wetu walio mjini, wasio na shamba wala uwanja, nao wana fungu lao. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, maganda ya ndizi na embe, majani ya chai, mashapo ya kahawa na maganda ya mayai, kila tabaka likifunikwa kwa majani makavu, huzaa mboji ya kutosha mirehani na asumini za dirishani. Msitie nyama, samaki wala mafuta, vitaleta panya na harufu.

Masika imepita mara moja tangu siku ile. Hatutaki kudanganya mtu. Nazi hazijaongezeka, na hatukuzitarajia, kwani mnazi huchukua takriban mwaka mzima tangu ua mpaka nazi iliyokomaa. Kunde zilitoka za kijani, zikatosha nyumba tatu na ya mzee. Na tulipochimba tena pale dada alipochimba, chini ya matandazo mchanga ulikuwa na unyevu siku nne baada ya mvua, na juu yake umeanza utando mwembamba wa kahawia. Bado haujafika unene wa kidole.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala kwao ndege, mtu au mnyama, ile huwa sadaka kwake. Tulikuwa tukiihesabu miembe ya mama kuwa sadaka yake. Sasa tunayahesabu pia yale malundo ya majani tuliyomtania kwayo, na shamba la jirani yetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kuyarudisha tuliyoyaharibu.

Mwezi uliopita mzee wetu alitupigia simu yeye. Alitaka kutuambia kwamba amewaona majongoo wawili chini ya mwembe, na kuuliza awafanyeje. Binti yetu ndiye aliyepokea simu. Alimwambia awaache.